Sepsisi kwa mtoto mchanga ni nini?
Mama, mhudumu akikuambia mtoto ana sepsisi, hasemi kwamba ana damu chafu. Anamaanisha vijidudu vimeingia, labda kupitia kitovu, vikasambaa kwenye damu, na mwili katika kupambana navyo unaumiza viungo vyake wenyewe.

Huku Nambis kuna baridi. Mtoto akipoa, tunasema ni hali ya hewa, tunamwongezea blanketi. Lakini kichanga mwenye sepsisi anaweza kupoa badala ya kuwa na homa.

Ukiona hata dalili moja: amepoa, ana homa, hanyonyi, amelegea, ana degedege au anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, usisubiri kukuche. Mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike, umwahishe kituo cha afya. Antibiotiki zikiwahi, huokoa maisha.