Ganzi Kwanza, Jino Baadaye

Husemwa kuwa dawa ya jino bovu ni kung'oa. Wasemao hivyo husahau kututajia sindano, nayo ndiyo iwawekayo wengi wetu nyumbani, karafuu ikiwa jinoni usiku kucha.

Ardhi ya Kisii na Nyamira ina historia yake ya ujasiri mbele ya kisu. Waganga wa jadi wa Abagusii, waitwao ababari, walipasua fuvu la kichwa ili kutibu maumivu yaliyotokana na pigo, na mgonjwa akastahimili. Leo hapana haja ya ushujaa huo kwa ajili ya gego. Lignokaini, dawa ya ganzi iliyobuniwa Uswidi mwaka 1943, hutumiwa na madaktari wa meno duniani kote.

Hofu nayo ina hila. Mwoga huchelewa, akichelewa, jino hutunga usaha, na penye usaha mna asidi idhoofishayo ganzi. Sindano isiposhika vyema, hofu huzidi maradufu. Kwa hiyo kwenda mapema ndiyo tiba ya kwanza ya maumivu.

Tukifika kwa daktari, tumweleze hofu yetu bila kuona haya. Tumwambie pia iwapo tuna mimba, shinikizo la damu, au tunatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Tumwombe aukaushe ufizi, apake jeli ya ganzi, na asubiri dakika 2 au 3 kabla ya kudunga. Dawa na isukumwe polepole, kwani kasi huongeza uchungu. Nasi tuvute pumzi kwa pua na kuitoa taratibu, huku tukimdhukuru Mola moyoni.

Tukubaliane naye mapema kuwa mkono ukiinuliwa, kazi isimame. Wakati wa kung'oa tutahisi kusukumwa na kuvutwa. Uchungu mkali hatupaswi kuuhisi. Tukiuhisi, tuinue mkono, ganzi iongezwe. Kusema si utovu wa adabu wala upungufu wa subira.

Kina mama na kina baba, tuache kuwatisha watoto kwa kauli ya "daktari atakudunga". Mtoto aliyelelewa na tisho hilo huingia chumba cha matibabu akiwa tayari ameshindwa. Tumwambie kweli kwa upole: atahisi kama kufinywa kidogo, kisha mdomo utakufa ganzi.

Baada ya jino kutoka, tuume pamba kwa dakika 30 na tusisukutue siku hiyo. Kesho yake tusukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Ganzi huweza kudumu saa kadhaa, basi tumwangalie mtoto asije akautafuna mdomo wake. Parasetamoli, kwa kipimo alichoagiza daktari, inywewe kabla ganzi haijaisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jino liumalo leo, tulipeleke kesho.