Nguzo, Nyaya na Watu: Kuisafisha Picha ya Gare du Nord



Jalada la kitabu chetu cha mwaka huu lina picha ya stesheni ya Gare du Nord, au Noordstation kama waiitavyo Waflamandi. Halmashauri ya kitabu ilinikabidhi kazi hiyo kwa maneno machache: nipige picha nzuri, iliyo safi. Tangu nakala za kwanza zionyeshwe kwa familia, nimeulizwa na wengi kwa nini sikuisafisha zaidi. Jamaa mmoja wa Liège alinipigia simu akasema jalada lina watu wasiohusika. Basi naona ni haki niwaeleze nilitoa nini, niliacha nini, na kwa sababu gani.

Kwa nini stesheni ile, sina haja ya kueleza. Nani kati yetu hajapata kumpokea mgeni pale? Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem husimama hapo kabla ya kufika katikati ya mji, na mabasi ya mbali hushusha watu hapo pamoja na masanduku yao. Kwa watu wa Buyenzi, Uvira na Bukavu, mlango wa Ubelgiji ni huo.

Jengo lenyewe, lenye mnara wa saa, lilifunguliwa 1952, mwaka uleule ilipofunguliwa njia ya reli ipitayo chini ya mji kuunganisha kaskazini na kusini. Stesheni ya kwanza, ya miaka ya 1840, ilikuwa kusini kidogo, penye uwanja wa Rogier. Ilivunjwa. Mahali pake pakajengwa jumba refu, watu wakaliita Mnara wa Martini. Nalo likavunjwa 2001. Tena upande wa magharibi wa stesheni, baada ya Mpango wa Manhattan wa 1967, mitaa mizima ilibomolewa ili ipatikane nafasi ya maghorofa ya ofisi, na watu zaidi ya 10,000 wakaondolewa majumbani mwao. Barabara ipitayo mbele ya stesheni inaitwa Rue du Progrès, yaani Njia ya Maendeleo! Wataalamu wa ujenzi wamefika hadi kulitumia jina la Brussels kama neno la kubomoa mji ovyo. Kwa hiyo, ndugu zangu, mahali pale pamekwisha kufutwa mara nyingi kabla sijafika mimi na kamera yangu.

Sasa kazi yenyewe. Zamani ilikuwa ya mkono: fundi alichukua negativu ya kioo, akaikwangua kwa kisu chembamba au akaipaka wino, na nguzo ya simu ikatoweka. Ilipokuja kompyuta, tukaanza kunakili kipande cha ukuta na kukibandika juu ya pipa la taka. Huo ni ufundi wa kutia kiraka, na una uaminifu wake, maana kiraka kimekatwa katika nguo ileile. Siku hizi hata simu ya mkononi hufanya hivyo. Simu za Pixel zilianza 2021 kufuta kitu kwa kugusa kidole tu. Lakini simu hukisia. Nilijaribu simu ya mpwa wangu juu ya picha ya ukuta wa stesheni: nguzo ya taa ilitoka, likatokea dirisha ambalo halijapata kuwapo.

Njia niipendayo ni nyingine. Unaiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, unapiga picha ishirini bila kuisogeza, kisha kompyuta inalinganisha kila nukta na kuchukua thamani ya kati. Kilichopita hutoweka, kilichosimama hubaki. Si jambo geni. Mwaka 1838 Daguerre alipiga picha barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, basi watu na magari yote yaliyokuwa yakienda yakapotea. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishwa viatu, na anahesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha.

Nilifanya hivyo Gare du Nord asubuhi ya Jumapili, kwa nusu saa. Niliporudi nyumbani na kuunganisha picha, wasafiri wote walikuwa wamekwenda zao. Akabaki mama mmoja amekaa juu ya mizigo yake, amegeuka upande, na mtu aliyelala kando ya ukuta chini ya blanketi, kichwa kimefunikwa. Kompyuta ilikuwa imewafuta wote wenye pa kwenda.

Hao ndio "wasiohusika" wa jamaa yangu wa Liège. Kuwatoa kungenichukua dakika tano. Lakini mwaka 2015, katika bustani ya Maximilien, mwendo mfupi kutoka pale, mamia ya watu walilala hemani wakingoja kuandikishwa katika Ofisi ya Wageni, iliyokuwa wakati huo ndani ya mnara mmoja wa WTC. Hata katika familia zetu wamo waliosimama kwenye foleni ile. Nikifuta mtu wa blanketi, nimsimulie mtoto wetu nini juu ya stesheni ile? Hata hivyo, mtu aliyelala hana nafasi ya kukataa, na hilo lilinisumbua zaidi. Jumapili iliyofuata nilimkuta ameamka, nikamwonyesha picha. Akasema mradi sura haionekani, iache.

Nilichotoa ni hiki: pipa la taka, utepe wa mafundi, skuta iliyoangushwa njiani, na bango moja la matangazo. Nyaya za treni nimeziacha. Stesheni bila nyaya ni bohari. Yote yameandikwa ndani ya jalada kwa herufi ndogo.

Wabelgiji wenyewe wana kisa chao. Kabla sheria haijabadilishwa 2016, kuchapisha picha ya Atomium kulihitaji ruhusa ya wenye haki, na wako waliotoa picha zao huku jengo lenyewe limefutwa, wamebaki miti na mbingu!

Huko kwetu pwani jambo hili si la kuchekesha. Sehemu ya Beit-el-Ajaib ya Zanzibar, jumba la Sultani Barghash la 1883, ilianguka Desemba 2020 pamoja na mnara wake wa saa. Mafundi wanaotaka kulirudisha jengo kama lile huhitaji picha zinazoonyesha kila ufa na kila doa la maji. Lakini ufa ndio kitu cha kwanza mpiga picha za kuuza hukiondoa, apate ukuta mweupe. Ule msemo wa kuziba ufa haukukusudia ufa wa kwenye picha.

Nawasihi basi hasa vijana. Mama mkubwa mmoja alileta picha yake ya miaka ya 1970, amesimama karibu na stesheni. Mjukuu alikuwa ameisafisha kwa simu, akaondoa nyumba iliyobomolewa nusu nyuma yake. Mama akauliza, "Nyumba yangu iko wapi?" Kumbe katika nyumba ile ndimo alimopanga chumba chake cha kwanza Ulaya. Bahati njema picha ya karatasi ilikuwapo.

Kwa kitabu cha mwakani tunakusanya picha za zamani za Gare du Nord na mitaa yake. Leteni za karatasi zenyewe, hata zikiwa na madoa, na maandishi ya nyuma yasifutwe. Wanaotuma kwa simu watume kwanza ile isiyoguswa. Kila bahasha iandikwe jina la familia na mwaka, ipewe mwandishi wa halmashauri. Picha zote zitarudishwa kwa wenyewe baada ya kunakiliwa.