Ua ndani ya nyumba, na mbabula je?

Hapa Gitega nyumba zimebanana, na wengi tunapikia mbabula ya makaa. Wapo wanaosema ua kwenye kopo linasafisha hewa. Kweli, mwaka 1989 watafiti wa NASA waliweka mimea ndani ya visanduku vilivyofungwa, ikapunguza kemikali fulani. Lakini nyumba si kisanduku. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kuifikia kazi ya hewa inayoingia na kutoka tu. Na gesi ya makaa haina harufu, inaua watu usingizini, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Basi ua lipambe nyumba. Mbabula ibaki nje, hata usiku wa baridi.