"Alikuwanga Anaenda": Mazoea ya Wakati Uliopita katika Insha na katika Riwaya

Makala hii inakusudia kujadili kiambishi kidogo ambacho mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha Nyeri, Karatina, Othaya au Mukurweini hukutana nacho mara kwa mara. "Babu alikuwanga anatusimulia hadithi." "Tulikuwanga tunachuma chai kabla ya kwenda shule." Aghalabu sentensi za aina hii hupigiwa mstari mwekundu, pembeni pakaandikwa "sheng", na mwanafunzi akarudishiwa daftari lake bila maelezo mengine. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi huyu ana jambo la kweli analotaka kulisema, na kwamba asipoonyeshwa namna sanifu ya kulisema, hasara haiishii katika Karatasi ya Kwanza. Humfuata hadi katika Karatasi ya Tatu, anapoulizwa kuhusu wahusika.

Tuanze na lugha ya nyumbani. Kikuyu hugawa wakati uliopita kwa umbali. Walionunua kitu leo asubuhi, "nĩmagũrire". Walionunua jana, "nĩmaragũrire". Walionunua zamani, "nĩmaagũrire". Kiswahili sanifu hutosheka na -li- kwa hayo yote matatu, na umbali huachiwa vielezi: leo, jana, hapo kale. Hapa mwanafunzi wa Nyeri hapati taabu kubwa, maana anapunguziwa mzigo. Taabu iko kwenye kiambishi kingine. Kikuyu kina -aga, ambacho hutiwa mwishoni mwa kitenzi kuonyesha kwamba tendo lilikuwa la kujirudia: "maagũraga", yaani walikuwa wakinunua, ndiyo iliyokuwa desturi yao. Mtoto aliyeanza kusema na -aga mdomoni hawezi kukubali kwa urahisi kwamba "walinunua" inatosha. Anahisi kuna kitu kimepotea, na anahisi sawasawa.

Wala Wakuyu si pekee. Wataalamu wa lugha za Kibantu hukihusisha kiambishi hiki na -ag- ya Kibantu cha kale, na wajukuu wake wametapakaa Afrika Mashariki na Kati. Kiluhya kina -anga, na umbo hilo lenye -ng- ndilo lililoenea katika Kiswahili cha mazungumzo nchini Kenya. Tanzania bara utasikia "anakujaga" na "huwaga". Ukivuka hadi Lubumbashi utasikia "tulikuwaka tunaenda". Watu wa nchi tatu, ambao hawakushauriana, wameongeza silabi ile ile mahali pale pale. Kuiita sheng ni kuiita kwa jina la jirani. Hata hivyo, kuieleza asili yake si kuihalalisha katika mtihani: Kiswahili sanifu hakina -anga, na mwanafunzi lazima ajue hivyo waziwazi.

Je, sanifu ina nini badala yake? Njia ya kwanza ni kitenzi kisaidizi "kuwa" pamoja na -ki-: "alikuwa akisoma". Njia hii ndiyo inayotumika zaidi, lakini ina kasoro ambayo vitabu vyetu vya sarufi huipita upesi mno. "Nilipoingia alikuwa akisoma" ni tendo lililokuwa likiendelea dakika ile. "Enzi hizo alikuwa akisoma kila jioni" ni mazoea. Umbo ni lile lile. Kielezi ndicho kinachotofautisha. Ukiondoa kielezi, msomaji anabaki njia panda. "Alikuwanga anasoma", kwa upande wake, haina utata wowote: ni mazoea tu. Ndiyo sababu naamini wanafunzi huing'ang'ania. Basi tunapoikataza, tuwape kielezi mkononi: kila jioni, siku zote, kwa kawaida, mara kwa mara. Tusiwaambie tu "andika alikuwa akisoma" tukadhani tumemaliza.

Njia nyingine ni "kila" pamoja na -po-: "Kila alipokuja alituletea ndizi." Hapa -li- pekee yake inabeba mazoea bila shida, kwa kuwa "kila" imekwisha kufanya kazi. Ipo pia "alizoea kuja" au "alikuwa na mazoea ya kuja", ambayo ni salama ingawa ikirudiwa huchosha. Kuhusu hu-, tahadhari inahitajika. Kiambishi hiki hakipokezi kiambishi cha nafsi wala cha wakati, kwa hiyo "alihuenda" haina nafasi. Kikisimama peke yake, msomaji wa leo hukielekeza kwenye wakati uliopo: "Babu huenda sokoni" inatuambia kwamba babu bado yu hai na miguu yake ingali na nguvu. Muundo "alikuwa huenda" hupatikana katika maandishi ya zamani, nami singemnyima mwanafunzi alama kwa sababu yake.

Kipo pia kishawishi cha Kiingereza. Mwanafunzi huyu huyu amefundishwa katika kipindi kingine kwamba mazoea yaliyokoma husemwa kwa "used to". Akiitafsiri kwa neno moja moja hupata "alitumia kwenda", jambo ambalo kwa Kiswahili humfanya msomaji aulize: alitumia nini? Gari au baiskeli? Wenzetu wanaofundisha Kiingereza wana mzigo wao pia, kwani "would" ya mazoea na "would" ya masharti huvaa nguo moja. Mazungumzo ya nusu saa baina ya idara hizi mbili yangeokoa wino mwingi.

Sasa tuingie katika fasihi, ambako ndiko naona jambo hili lina uzito zaidi. Tazama sentensi hizi tatu:

Mzee aliketi chini ya mti.
Mzee alikuwa ameketi chini ya mti.
Mzee alikuwa akiketi chini ya mti.

Ya kwanza ni tukio. Tunangoja lifuatalo, na pengine litakuja na -ka-: akatoa ugoro, akanusa. Ya pili ni hali. Mwandishi anatuchorea mandhari, na mtu mwingine yu karibu kuingia. Ya tatu, bila shaka, ni mazoea. Tunaambiwa mzee huyu ni mtu wa namna gani. Mwanafunzi asiyetofautisha hizi tatu ataiweka sentensi ya tatu katika muhtasari wa ploti kana kwamba ni jambo lililotokea siku moja, na ataichukua ya kwanza kuwa sifa ya mhusika.

Chukua riwaya ya Utengano ya Said A. Mohamed (1980). Bwana Maksuudi kuwafungia mkewe na bintiye ndani ni desturi ya nyumba ile. Maimuna kutoroka ni tukio. Ukimuuliza mwanafunzi athibitishe ukatili wa Maksuudi, hoja yake yenye nguvu zaidi iko katika ile desturi, si katika kisa kimoja cha hasira. Mtu anaweza kukasirika siku moja. Mwanafunzi anayeandika "Maksuudi aliwafungia ndani" amesema kweli, lakini amempunguzia mshtakiwa hatia. Vivyo hivyo katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo msimulizi anayatazama maisha yake akiwa amekwisha kuyapitia. Kwamba mamake alikuwa akiimba taarabu mjini Tanga ni habari ya mazoea, tena ya riziki na sifa. Kifo chake ni tukio, na msiba wenyewe umo katika kukatika kwa yale yaliyokuwa yakirudiwa. Hata kisengere nyuma, ambacho wanafunzi hukitaja kwa moyo kama shairi la kukariri, mara nyingi hutambulika kwa "alikuwa aki-" na "enzi hizo" kabla ya kutambulika kwa lolote jingine.

Kwa zoezi la darasani, sihitaji kwenda mbali. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, katika Tetu, mwaka 1940, na kumbukumbu zake, Unbowed, zilitoka mwaka 2006. Humo anaeleza utoto wake: kuteka maji katika kijito karibu na mtini, na mayai ya vyura aliyoyastaajabia majini. Wanafunzi waandike aya mbili. Ya kwanza iwe ya kijito, yote kwa mazoea: alikuwa akienda, kila alipoinama aliona, siku zote maji yalikuwa. Ya pili iwe ya matukio: mwaka 1960 alikwenda Marekani kusoma, akarudi, mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, mwaka 2004 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kisha wabadilishane madaftari, na kila mmoja ajaribu kuigeuza aya ya kijito iwe ya -li- na -ka- tupu. Watasikia wenyewe jinsi kijito kinavyokauka: msichana alikwenda, akainama, akaona mayai, akarudi nyumbani. Mara moja tu.

Libakie la ukanushi, kwa kuwa Karatasi ya Pili ina alama 40 za matumizi ya lugha na ukanushi haukosi kupewa nafasi. "Alikuwa akinywa chai" ikikanushwa huwa "hakuwa akinywa chai". Wengi huandika "hakunywa chai", ambayo ni ukanushi wa "alikunywa". Mgeni ambaye hakunywa chai jana pengine alikuwa ameshiba. Ambaye hakuwa akinywa chai, hata hapa kwetu kwenye mashamba yake, hupikiwa uji.