Mashitaka Yasiyolipwa kwa Mbuzi

Wasomaji wapenzi wa Lubondja na Fizi yote, habari hii si ngeni kwenu. Binti ameharibiwa, wazee wa pande mbili wakutana usiku, kunapokucha mbuzi wamekwisha hesabiwa, na watu husema, "Mambo yamekwisha." Je, yamekwisha kweli? Na mwendesha mashitaka wa serikali, aweza yeye kupatana na mkosaji?

Katika nchi nyingi aweza. Mshitakiwa akikiri, shitaka hupunguzwa au adhabu huombwa iwe nyepesi. Lakini kwanza mwendesha mashitaka hupima: ushahidi ni imara au walegea? Mtu amekiri mapema, au baada ya kuona hana njia? Atawataja wakubwa waliomtuma? Sheria ya Kenya ya 2008 yamtaka atazame pia hali ya mshitakiwa na faida ya jamii, tena ampe aliyeumizwa nafasi ya kusema. Hata hivyo sheria hiyo haikubali mapatano katika makosa ya kuingilia watu kwa nguvu.

Huko Arusha, mahakama ya mauaji ya Rwanda ilipokea maungamo ya Omar Serushago mwaka 1998. Alikuwa amejisalimisha mwenyewe na kuwasaidia wapelelezi. Akapewa miaka 15. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, naye alikiri mwaka huohuo, akahukumiwa kifungo cha maisha. Ukubwa wa kosa ulishinda uzito wa maungamo.

Kwetu Kongo, jambo lililo karibu na hayo ni faini ya mapatano, katika kifungu cha 9 cha dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959. Afisa akiona kwamba korti ingetoza faini tu, aweza kumwalika mkosaji alipe, na kesi ikaisha. Fedha hizo huingia katika hazina ya serikali, si mfukoni mwa mtu (tunalisema kwa makusudi). Lakini sheria za tarehe 20 Julai 2006 ziliufunga mlango huo kwa makosa ya ubakaji: hakuna faini ya mapatano, wala kwa polisi wala kwa parke.

Kufungwa huko kuna gharama yake, nasi hatutaificha. Baada ya maovu ya tarehe 1 Januari 2011 mjini Fizi, korti ya kijeshi ilihamia Baraka, na wanawake wapatao 49 wakatoa ushahidi. Lau washitakiwa wangekiri, wengi wa akina mama hao wangeepushwa na uchungu wa kuyarudia yale. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za wanaotaka mapatano. Hata hivyo sisi twaona sheria ilitenda vema: mwenye bunduki na mwanamke aliyetoka shambani hawakai sawa penye meza ya mapatano. Tarehe 21 Februari 2011 Luteni-Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 palepale Baraka, karibu na watu aliowatisha.

Basi mzazi aliyekwisha kupokea mbuzi ajue hili: mbuzi hao hawakulifuta shitaka. Ni mali ya serikali kulishitaki, na parke yaweza kumwita mkosaji ingawa wazee walikwisha kupeana mikono.