Joho la Wakili na Haki ya Mfanyakazi

Wako wananchi wengi wanaodhani ya kuwa Chama cha Wanasheria Tanganyika ni baraza la mabwana na mabibi wachache wenye majoho meusi, waliokusanyika kulinda ujira wao na heshima yao. Dhana hiyo haikuzuka bure. Walakini sivyo sheria isemavyo, na kwa faida ya wasomaji wetu twapenda kuisahihisha.

Chama hicho kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1954, mwaka ule ule ilipozaliwa TANU. Jina la Tanganyika kimebaki nalo hata baada ya Muungano wa 1964, kwani mawakili wa Zanzibar wana chama chao. Kila wakili afanyaye kazi Tanzania Bara hana budi kuwa mwanachama. Na sheria ilikipa kazi zake: kuinua elimu na mwenendo wa mawakili, kuwatetea wanachama, kuisaidia Serikali na mahakama katika mambo ya sheria, kadhalika, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, kuulinda na kuusaidia umma katika kila jambo lihusulo sheria.

Thamani ya wakili taifa hili lilikwisha kuijua tangu zamani. Mwaka 1958, Mwalimu Nyerere aliposhtakiwa kwa makala yaliyotoka katika Sauti ya TANU, D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea, akasaidiwa na mawakili wa hapa nchini, Rattansey na Jhaveri. Mwalimu alitozwa faini ya shilingi 3,000. Lakini umma uliona kwamba hata mbele ya mahakama ya mkoloni mtu aweza kusimamiwa na kusemewa. Wanasheria Waafrika walikuwa wachache mno siku zile. Ndiyo sababu Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1961, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria, nacho kilianzia katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Taaluma iliyolelewa namna hiyo ina deni kwa wananchi.

Je, deni hilo lalipwaje? Tutazame jambo moja tu. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zikipita, itambidi kwanza aombe aongezewe muda, tena kwa sababu za kuridhisha. Ni wangapi katika viwanda, mashamba na mahoteli wazijuao siku hizo? Mtu hurudi kijijini kutafuta shauri la wazee, au hungoja ahadi ya msimamizi kwamba mambo yatatengenezwa, na mwezi umekwisha. Mwajiri wake ana wakili tangu siku ya kwanza. Mmoja ameshindwa kabla kesi haijasikizwa, wala si kwa kukosa haki, bali kwa kukosa wa kumwambia.

Hatusemi kwamba hakuna lililofanyika. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na uwezo, na kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini sheria iliyomo kabatini haimfikii mtu wa zamu ya usiku. Twawaomba mawakili, kwa njia ya Chama chao, wawafuate wafanyakazi walipo. Wawafundishe viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, ambao wana ruhusa ya kumsimamia mwanachama wao mbele ya Tume. Na waandike vijitabu vya Kiswahili chepesi. Wakili naye ana watoto wa kulisha, hilo twalijua. Hatumtaki afanye kazi bure mwaka mzima. Twataka sehemu ya muda wake, kama sheria yake mwenyewe inavyomwelekeza.

Liko na jambo la pili. Kuisaidia Serikali katika mambo ya sheria si kuitikia ndiyo kila mara. Mshauri amwonyeshaye mwenye nyumba ufa ukutani ndiye amsaidiaye. Anayeusifu ukuta humtayarishia maanguko. Chama cha wanasheria kisipokuwa na uhuru wa kusema, mnyonge atamkimbilia nani?

Nanyi wafanyakazi, msikae mkingoja kuletewa. Zihesabuni siku zenu. Tunzeni mikataba na barua zenu. Ulizeni mapema. Na wakili akila fedha za mteja au kuitupa kesi yake, iko Kamati ya Mawakili iliyowekwa kisheria kupokea malalamiko, na kila mwananchi ana ruhusa ya kuiendea.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi ya wakili ni kuhakikisha kwamba neno hilo la pili halisahauliwi, na kazi ya Chama chake ni kumkumbusha.