Mtatago, Kivuko na Daraja: Lugha ya Kuvuka Mto Tana

Utangulizi

Wahenga walituasa tusimtukane mamba kabla hatujavuka mto. Kwa mwanafunzi aliyelelewa mjini, methali hii ni ya kufasiriwa darasani. Kwa mkaazi wa Garsen na vijiji vinavyoizunguka, ni maelezo ya safari ya kila siku kwenda shambani, sokoni au shuleni. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi Mto Tana unavyovukwa katika sehemu zake za chini, kwa nini daraja la mbao halikuwa jawabu lake, na msamiati unaotokana na uvukaji huo. Hoja yetu ni kwamba kila njia ya kuvuka ina neno lake, na kila neno limebeba uhusiano fulani baina ya watu. Neno likisahauliwa, uhusiano huo nao hutoweka machoni petu.

Mto usiotulia

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, wenye takriban kilometa 1,000. Maji yake hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, yakapita Garissa, Hola na Garsen, kisha yakaingia Bahari Hindi huko Kipini. Hata hivyo, Kipini hapakuwa mlango wake tangu awali. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili mitumbwi ipite kati ya Tana na Mto Ozi. Maji yaliupanua mfereji ule, na hatimaye mto wenyewe ukahamia humo.

Tabia hiyo haijakoma. Mwaka 1989 mto uliuhama mkondo wake karibu na Hola, mradi wa unyunyizaji wa hapo ukakosa maji na kuporomoka. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliharibu kingo za mradi wa mpunga katika delta. Aidha, mabwawa matano ya umeme, kuanzia Kindaruma (1968) hadi Kiambere (1988), hayakuyamaliza mafuriko, kama yalivyodhihirisha ya miaka ya 2018, 2023 na 2024. Katika mto wa namna hii, nguzo ya mbao iliyochimbiwa kwenye udongo laini haina hakika ya kuyakuta maji mahali pale pale mwaka ujao.

Majibu matatu kwa swali moja

Swali hili si la Tana pekee. Nchini Japani, katika mji wa Shimada, Mto Oi umevukwa kwa daraja la Horai, la waendao kwa miguu, lenye urefu wa mita 897. Lilijengwa mwaka 1879. Kabla ya hapo, katika enzi ya watawala wa Tokugawa, wasafiri wa njia kuu waliuvuka mto huo mabegani mwa wapagazi, kwa kuwa ujenzi wa daraja ulikatazwa. Mafuriko yaliliharibu daraja la Horai mara kwa mara, hata mwaka 1965 nguzo zake zikabadilishwa kuwa za saruji, sakafu ikabaki ya mbao. Karibu na Kyoto kuna daraja jingine la mbao, la Kozuya, la mwaka 1953, lililojengwa kwa hekima tofauti. Sakafu yake haikukazwa juu ya nguzo. Mto ukifurika, sakafu huelea huku imeshikwa kwa kamba za waya, na maji yakipungua hurejeshwa.

Jibu la kwanza basi ni kushindana na mto, na la pili ni kuupisha. Wapokomo, ambao mashamba yao yamo kwenye kingo zote mbili za Tana, walichagua la tatu, nalo ni kuufuata mto. Mtumbwi wa gogo moja, unaosukumwa kwa upondo au kafi, huhamia popote mto unapohamia. Hata magari, kabla ya daraja la Garsen kujengwa, yalivushwa kwa feri.

Msamiati wa kuvuka

Kiswahili kina neno mtatago, yaani mti au kamba iliyotandazwa juu ya kijito ili watu wapite. Limetokana na kitenzi tataga, kuvuka kwa kupita juu ya mti huo. Lipo pia neno ulalo, lenye asili ya kulala, kwa maana ya gogo lililolazwa kuvukisha watu. Maneno haya yamemezwa na daraja, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo huko kwao humaanisha ngazi au cheo. Maana hiyo tungali nayo tunaposema mtu wa daraja la juu.

Tofauti iliyo muhimu zaidi imo katika minyambuliko ya kitenzi vuka. Juu ya daraja au mtatago, mtu huvuka. Kwenye kivuko, mtu huvushwa. Silabi moja imebeba jambo zito: anayevushwa anamhitaji mvushaji, na akiwa ng'ambo hana budi kumwita aliye upande wa pili. Daraja halimsalimu mtu.

Kuna neno jingine ambalo mwanafunzi atalisikia Garsen asilikute katika kamusi nyingi za Kiswahili. Nalo ni malka, neno la Kiorma kwa njia ambayo mifugo hupitia kuyafikia maji ya mto. Wakati wa kiangazi wafugaji Waorma huleta ng'ombe mtoni, na mtoni ndiko yaliko mashamba ya Wapokomo. Mzozo juu ya ardhi, malisho na maji ulizua mapigano ya mwaka 2001, na yale ya mwaka 2012 na 2013 yakaua zaidi ya watu 100. Kwa mkulima, ukingo ni shamba. Kwa mfugaji, ukingo huo huo ni malka. Wanaoketi kupatanisha pande mbili hizi wanahitaji kwanza kujua kwamba kila upande unapataja mahali pamoja kwa neno lake.

Hitimisho

Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kingazija na ndugu zake wa Komoro, na Kielwana. Kwa hiyo kando ya Tana tunakusanya mali ya ukoo wetu wenyewe. Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wanaotafuta mada za utafiti waende vivukoni, wawasikilize wavushaji, wakulima na wafugaji, na waandike istilahi za mtumbwi, za maji na za malka kama zinavyotamkwa. Barabara ya lami na daraja la saruji ni neema kwa mgonjwa na mzazi mjamzito, wala hatuzipingi. Lakini kila daraja jipya hupunguza idadi ya watu wanaojua maneno hayo, na wazee wanaoyajua hawatatungoja.